Saa ya Anselmo na Baridi Yabisi ya Temeke

Anselmo alikuwa na saa ya dhahabu, na kwa sababu hiyo alikuwa ndiye mtu pekee mtaani kwetu Temeke asiyejua ni saa ngapi.

Msicheke kwanza. Saa yenyewe ilikuwa ya Uswisi, nyembamba kama biskuti, mkanda wake dhahabu vilevile. Aliipata mwaka wa Azimio la Arusha. Wakati huo alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge, Bwana Stavro, mtu mwenye tumbo la heshima na nyumba Oysterbay. Mashamba yalipochukuliwa na wananchi (yaani sie, ingawa mpaka leo sijaonyeshwa katani yangu), Bwana Stavro alifunga masanduku, akaingia jikoni. Kiinua mgongo hakikuwepo. Kilikuwepo kiinua mkono. Akaivua ile saa, akamfunga nayo Anselmo, akasema kwa Kiswahili chake cha kuagizia supu, "Anselmo, hii saa miaka yote hakuna mkwaruzo. Hata moja. Wewe tunza."

Kisha akapanda ndege. Afadhali angemwachia mbwa. Mbwa angalau kuna wakati analala.

Anselmo alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Alikaa vyumba viwili na mkewe Yuliana na mama yake mzazi, Bibi Filomena. Baada ya Mgiriki alipata kazi kantini ya kiwanda kimoja Chang'ombe, kusonga ugali wa jeshi zima la wafanyakazi. Sasa kantini na dhahabu wapi na wapi? Kuna masizi, kuna mafuta yanayoruka, kuna masufuria yenye meno. Mwingine angeiacha saa nyumbani, lakini nyumbani kuna panya na kuna wezi, na Anselmo aliwaogopa wote sawasawa. Basi saa ikawa inakwenda aendako, ila imevikwa. Kwanza nailoni. Juu ya nailoni, leso. Juu ya leso, bandeji. Juu ya bandeji, shati la mikono mirefu lililofungwa kishikizo, Dar es Salaam, mwezi wa Februari.

Ukimuuliza, "Anselmo, saa ngapi?" alitazama jua. Siku ya mawingu alimuuliza Yuliana, na Yuliana alisikiliza redio ya jirani.

Na ukimuuliza bandeji ya nini, alijibu, "Baridi yabisi." Hapo ndipo alipojiroga. Maana baridi yabisi haishiki sururu.

Mtaani kwetu akifa mtu, kaburi wanachimba wanaume wa mtaa. Haitwi mtu kwa jina. Unasikia kilio, unabeba jembe. Mwislamu anamchimbia Mkristo, Mkristo anamchimbia Mwislamu, na udongo haujawahi kuuliza kadi ya nani. Anselmo hakukosa msiba hata mmoja, haki ya Mungu. Alikaa jamvini, akatikisa kichwa pale pa kutikisa, akala wali wa matanga kwa mkono wa kulia huku wa kushoto kauning'iniza kando kama kitu cha kuazima. Lakini majembe yakiinuliwa tu, alishika bandeji, akakunja uso, akasema, "Ndugu zangu, leo mkono umeamka vibaya."

Siku za kujitolea ikawa hivyo hivyo. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Theonest, Mhaya wa kutembea na kalamu tatu mfukoni, alitutoa Jumapili kuchimba mtaro wa maendeleo. Mtaro ule ulipokamilika ulipeleka maji yote ya mvua chumbani kwake, lakini hayo tuyaache. Siku zote za mtaro Anselmo alisimama ukingoni akitutia moyo.

"Wako watu," Balozi alisema akimtazama kwa pembe ya jicho, "wananyonya jasho la wenzao bila hata kulionja."

"Kweli kabisa, Balozi," alijibu Anselmo. "Watu wabaya sana hao."

Aliyeona jambo hili lilikokuwa likielekea ni mama yake. Bibi Filomena alikuwa amekwisha kukongoka, anakohoa asubuhi, anakohoa jioni, na macho yake yaliona mbali kuliko miguu yake ilivyoweza kwenda. Siku moja alimwita mwanawe kitandani.

"Anselmo. Siku yangu ikifika, atanichimbia nani?"

"Mama, maneno gani hayo!"

"Maneno ya mtu anayekufa. Kule Tabora ningezikwa na kijiji kizima. Hapa nina wewe, na wewe una saa." Akakohoa, akapumzika. "Mie sitaki kuzikwa na vibarua wa kukodi, wanatupia udongo huku wanatazama malipo. Nataka kuzikwa na watu. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Husikii. Bandeji imefika mpaka masikioni."

Yuliana aliendelea kuchambua mchele mlangoni. Alikuwa ameshasema yote. Alishamwomba aiuze, aizike, amrudishie Mgiriki kwa posta. Kila alipoanza, Anselmo alikumbuka ile sauti ya jikoni: hakuna mkwaruzo, hata moja. Ndicho kitu pekee kizima alichowahi kupewa maishani. Mtu wa namna hiyo utamlaumuje? Sie tulimlaumu, lakini sie hatukuwahi kupewa.

Sasa hapo pana mtu mwingine, naye ni Mwamvita.

Mwamvita alikuwa Mzaramo, muuza vitumbua, mwanamke wa mwili na wa sauti, na kwa kuwa yeye Mzaramo na Anselmo Mnyamwezi, walikuwa watani. Wanaojua utani wanajua. Asiyejua ajue hivi: mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akakunyang'anya kofia, akaja msibani kwako akaigiza kikohozi cha marehemu, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna umeshindwa, na aibu ni yako na ya maiti wako.

Asubuhi moja kwenye bomba la maji, Anselmo alinyoosha mkono kupokea ndoo, na Mwamvita akaudaka. Akauweka sikioni.

"Hee! Mnyamwezi! Baridi yabisi yako inapiga tikitiki?"

Anselmo akageuka rangi, jambo gumu kwa mtu mweusi vile. "Nisitiri, mtani wangu. Nakuomba."

Mwamvita alimtazama sana. Kisha akauachia mkono. "Nitakusitiri. Babu zako walipita na mizigo ya watu vichwani, kutoka Tabora mpaka pwani. Babu zangu waliwafukuza? Hawakuwafukuza. Waliketi njiani wakangoja ushuru wao. Na mie nangoja."

"Unangoja nini?"

"Mzigo ufike," alisema Mwamvita, akajitwika ndoo yake, akaondoka akitikisa kila kinachotikisika.

Bibi Filomena alifariki kiangazi, alfajiri, kwa adabu, bila kumsumbua mtu. Yuliana akapiga kilio. Wanawake wakaja, hao hawakuwa na ugomvi na mtu. Wakaingia ndani, wakawasha moto uani, wakaanza kuchambua mchele na kulia kwa zamu. Padri akaahidi kufika saa kumi. Kilichobaki ni kaburi.

Anselmo akakaa barazani kungoja wanaume. Walikuja, tena wote. Albano, Mmakonde mchonga vinyago, mwenye mikono kama mapaja ya watu wengine, ndiye aliyetangulia. Alitembea polepole. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa khanga ya mkewe kutoka kiganjani mpaka begani.

"Pole sana, Anselmo."

"Nimeshapoa. Albano, mkono umefanyaje?"

"Baridi yabisi," alisema Albano, akaketi jamvini, akakunja uso kama alivyojifunza kwa Anselmo mwenyewe.

Nyuma yake akaja mwingine na taulo mkononi. Mwingine na gunia. Mwingine na soksi. Mzee Theonest alifika wa mwisho, bandeji yake safi, imebanwa kwa pini, maana cheo ni cheo.

"Hata wewe, Balozi?" Anselmo aliuliza.

"Ndugu Anselmo, nadhani ugonjwa huu unaambukiza. Kwa mujibu wa uchunguzi wangu, unaanzia nyumba ya mpishi."

Hakuna aliyecheka. Tulikaa pale jamvini, mtaa mzima wa vilema wa mkono mmoja, tukitikisa vichwa pale pa kutikisa. Majembe, mabeleshi na sururu vililala uani vimerundikana, hakuna wa kuvigusa. Jua likapanda. Anselmo alitutazama mmoja mmoja, akatazama rundo la majembe, akatazama dirisha la chumba alimolala mama yake. Nilimwona midomo ikimcheza. Nadhani alikuwa anatafuta vibarua kichwani, na kila kibarua aliyempata alikuwa na sauti ya mama yake.

Ndipo kikasikika kile kikohozi.

Wanawake wakaacha kulia ghafla. Kutoka ndani alitoka Bibi Filomena. Khanga yake, fimbo yake, mgongo wake, ule mguu wake wa kuburuta. Mzee mmoja akasema "Lahaula!" na kuruka kando. Kumbe Mwamvita. Akajikokota mpaka kwenye rundo la majembe, akakohoa mara mbili kiufundi, akaketi juu yake kwa uzito wake wote.

"Anselmo mwanangu," alisema kwa sauti ya marehemu, ile ile. "Saa ngapi?"

Wote tukamgeukia Anselmo.

"Sijui, mama," alijibu Mwamvita mwenyewe, sasa kwa sauti ya Anselmo. "Siwezi kujua. Saa inaumwa."

Aliyeanza kucheka ni Yuliana. Alicheka na machozi yanamtiririka, akashika mlango, akacheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo nani angejizuia? Hata Mzee Theonest alificha mdomo kwa bandeji.

"Basi mie sizikwi," alisema marehemu juu ya majembe. "Jembe halitoki hapa. Nimepita njia ndefu kutoka Tabora, na Mzaramo kakaa njiani, anataka ushuru wake. Mlipeni Mzaramo."

"Mtani, nitakupa jogoo," Anselmo alisema.

"Jogoo ninaye. Naye anajua saa, kukushinda wewe."

"Nitakupa khanga za mama."

"Nimeshazivaa, huoni?"

Anselmo alisimama. Nilimwona hasira ikimpanda shingoni, na nilimwona akikumbuka kwamba haruhusiwi. Akatazama lile dirisha. Kisha akafungua kishikizo cha shati.

Akafungua bandeji, ikashuka mpaka chini. Akafungua leso. Akaivua nailoni, ikiwa na jasho la miaka miwili. Na pale juani, uani Temeke, kati ya masufuria ya msiba, dhahabu ikawaka mpaka kuku wakasogea.

"Alaa!" Mzee Theonest aliinuka. "Ndugu wananchi, huu ndio ubwanyenye niliokuwa nikiusema!"

"Balozi, kaa chini," alisema Mwamvita. "Leo siku ya watani. Chama kimelala."

Balozi akakaa.

"Chukua," Anselmo alisema, akaivua saa yenyewe.

"Kwa moyo?"

"Kwa moyo wa kununa."

"Moyo ni moyo." Mwamvita akaipokea, akaokota na ile bandeji chini, akaipachika kiunoni. Halafu akamwita Albano, akamvua ile khanga ya mkewe kwa mvuto mmoja, akamfunga saa. Haikutosha, mkanda ulishika kwa pini ya Balozi. "Haya! Mkono umepona. Sheria ya leo hii hapa: anayechimba ndiye anayevaa. Nani mwingine anaumwa?"

Jamani, hamjawahi kuona ugonjwa ukiisha vile. Taulo, gunia, soksi, vyote vilibaki jamvini, na wanaume wakagombea majembe.

Makaburini Anselmo alisimama ukingoni, kwa mazoea. Albano alianza. Kila sururu iliposhuka, mpishi wetu alifumba macho.

"Polepole, Albano!"

"Polepole kaburi au polepole saa?"

Ilipita mkono hadi mkono. Mchanga ukaingia kwenye mkanda. Mmoja aliigonga kwenye mpini, mwingine aliifutia kioo kwa kiganja chenye changarawe. Ilipofika kwa Mzee Theonest, msemaji wa wanyonge, alikaa nayo muda mrefu kuliko wote. Alichimba kidogo, akatazama saa, akachimba kidogo, akatazama saa.

"Balozi, zamu imekwisha!"

"Bado naichunguza," alisema. "Adui ni lazima umjue."

Mara Anselmo akavua shati. Akashuka shimoni. "Balozi, nipe."

Tulidhani anaiokoa. Mmoja akaanza kuguna. Lakini Anselmo aliivaa mkono wa kushoto, mkono mweupeupe kwa kukosa jua, akashika sururu, akapiga. Akapiga tena. Chini kulikuwa na jiwe, na yeye hakujua kuchimba, miaka miwili anatutia moyo tu. Sururu ilimponyoka, ncha yake ikarudi, ikapita juu ya kioo cha saa kutoka pembe hadi pembe, krrr, kila mtu akasikia. Mkwaruzo mrefu kuliko yote, ameuweka mwenyewe.

Alisimama akiutazama. 

"Jiwe hili," alisema hatimaye, "lisogezeni huku. Mama hatalalia jiwe."

Bibi Filomena alizikwa saa kumi na nusu. Padri alisema hajaona watu wengi vile kwa mtu asiye na cheo. Wazaramo waliimba, Wamakonde waliimba, Wahaya walisimamia utaratibu. Kila mkono ulitupia udongo, na hakuna aliyetazama malipo.

Saa ilibaki kwa Anselmo; Mwamvita alisema ile bandeji yamtosha kwa ushuru. Jioni Yuliana alimkuta mumewe ameinamia kifundo cha mkono, analia.

"Unalilia saa?"

"Namlilia mama."

"Na saa?"

"Saa iko salama." Akaitazama tena. "Salama kiasi."

Tangu siku hiyo hakuivua wala kuifunika. Ugali aliusonga nayo, mtaro wa pili (wa kuondoa maji ya mtaro wa kwanza) aliuchimba nayo. Kiungo kimoja cha mkanda kikakatika, akaweka waya. Asubuhi alitutangazia wakati dirishani kama redio ya taifa: "Saa moja na robo, au hapo karibu!" Akifika barazani watu waliuvuta mkono wake, si kutazama saa ngapi, bali kutafuta mali zao.

"Mkwaruzo huu wa kona wangu," alisema Albano.

"Wako wapi! Huo wa zamu yangu," alisema Mzee Theonest. "Wako ni ule wa bonde, kwa kuwa huna adabu na chuma."

"Balozi, wewe ulichimba saa ngapi ukakwaruza? Ulikuwa unaisoma tu."

Siku moja alikwenda mjini ili saa itiwe mkanda mpya. Fundi saa akabana kioo cha kukuzia jichoni, akaitazama, akasikitika sana. "Mzee, nani kafanya hivi? Niachie siku mbili. Nitaisugua, nitabadilisha kioo, itarudi kama ilivyotoka Uswisi. Alama zote zitaondoka."

"Zitaondoka?"

"Zote."

Anselmo akaichukua mezani, akaivaa. "Na nani atakuja kuchimba upya?" akauliza. Fundi hakuelewa, na Anselmo hakukaa kumwelewesha. Mkanda wenyewe ukabaki na waya.

Mwamvita alitutoka miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, ambapo hata sanda ilitafutwa kwa kujuana. Mimi nilifika mapema. Majembe yalikuwa uani, na juu ya majembe alikuwa ameketi Anselmo, mvi kichwani, mkono wa kushoto umeningʼinia katika taulo.

"Hakuna jembe litakalotoka!" alikuwa akifoka. "Huyu Mzaramo kaniharibia saa. Ya dhahabu! Ilikuwa haina mkwaruzo hata mmoja! Hazikwi mpaka anilipe!"

Wanawake ndani wakaanza kucheka na kulia, vyote kwa pamoja, kama inavyotakiwa. Binti wa marehemu akatoka, macho mekundu, ana kifurushi kidogo cha kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako ana deni."

"Alijua utakuja. Alisema, Mnyamwezi wangu akikalia majembe, mpeni ushuru wake huu."

Anselmo akafungua. Ndani mlikuwa na bandeji. Ile ile, imefuliwa, imekunjwa, na ilikuwa bado na harufu ya vitumbua.

Akaiweka mapajani, akaikunjua.  Kisha akajifunga ile bandeji kichwani kuzuia jasho, akavua taulo, akainuka kutoka kwenye majembe na kuchagua sururu.

"Saa ngapi, Anselmo?" Mzee Theonest aliuliza. Alikuwa ameshazeeka, amebakiza kalamu moja.

Anselmo akasogeza mkono juani, akaugeuza huku na huku. Kioo kilikuwa kimechoka kwa mikwaruzo mpaka mishale haionekani vizuri. Akaisugua kwa kidole gumba, taratibu, akipita juu ya ule mkwaruzo wake mrefu.

"Sijui, Balozi," alisema, na alikuwa anatabasamu. "Twendeni tu. Tumewahi."